Kabla ya Furaha, Pumzi

Ukifungua simu yako sasa hivi ukauliza serotonini ni nini, utajibiwa kwamba ni homoni ya furaha. Utaambiwa ule ndizi, uote jua la asubuhi, ukimbiekimbie kidogo, nayo itapanda na huzuni itaondoka. Wapo hata wanaouza vidonge kwa maneno hayohayo, tena kwa bei ya kukutoa machozi. Mimi sina ugomvi na ndizi wala na jua. Ugomvi wangu ni kwamba kemikali hii tumeipa sifa moja tu, sifa ya watu wazima, tukamsahau anayeihitaji kuliko sisi sote: mtoto aliyezaliwa leo alfajiri, ambaye furaha bado haijui wala huzuni haijui, na kazi yake kubwa usiku huu ni kuvuta hewa, kuitoa, na kuvuta nyingine.

Basi jioni hii tumzungumzie yeye.

Serotonini iliyo nyingi mwilini haiko kichwani. Sehemu yake tisa kati ya kumi, pengine na zaidi, hutengenezwa na seli za ukuta wa utumbo, ambako husaidia kusukuma chakula. Kisha zile chembe zinazogandisha damu kwenye jeraha huibeba na kuzunguka nayo mwili mzima. Ndiyo maana waliotangulia kuigundua hawakuwa watu wa ubongo. Mwitaliano Vittorio Erspamer aliikuta utumboni miaka ya 1930. Mwaka 1948, huko Cleveland, Marekani, Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page waliichuja kutoka damu ya ng'ombe wakiwa wanatafuta kitu kinachobana mishipa ya damu, kwa sababu shida iliyowasumbua ilikuwa presha. Mwaka 1953 mwanabiolojia Betty Twarog, akishirikiana na huyo Page, akaonyesha kwamba ipo hata ubongoni. Hiyo habari ya kubana mishipa ishike, maana tutarudi kwayo tukifika kwenye mapafu.

Mwili huitengeneza kutokana na triptofani, kipande kidogo cha protini ambacho hatuwezi kujitengenezea wenyewe; lazima tukile. Kimo kwenye maharage, karanga, dagaa, mayai, maziwa. Kwenye mahindi ni kidogo, na ndiyo sababu mojawapo ya kusema ugali mtupu si chakula. Triptofani hubadilishwa mara mbili. Kimeng'enya cha kwanza hakifanyi kazi bila oksijeni na madini ya chuma. Cha pili kinataka vitamini B6. Serotonini ikishatumika, kimeng'enya cha tatu huivunja na mabaki yake hutoka na mkojo. Daktari akitaka kujua mwili umetumia kiasi gani, hupima hayo mabaki. Huo mzunguko wote, toka chakulani hadi mkojoni, ndio wanaouita umetaboli wa serotonini.

Kuna jambo moja la kuchekesha hapa. Serotonini yenyewe haivuki kutoka damuni kuingia ubongoni. Ndizi ina serotonini, ni kweli, lakini ile ya kwenye ndizi haifiki kichwani hata ule mkungu mzima. Kinachovuka ni triptofani, nayo haivuki peke yake. Fikiria kivuko cha Kigamboni saa ya watu kutoka kazini: nafasi ni zilezile, abiria ni wengi, na triptofani ni wachache kati ya umati wa vipande vingine vya protini vinavyogombea chombo hichohicho. Kwa hiyo kinachoamua si wingi wa triptofani tu, ni wingi wake ukilinganishwa na wenzake. Ubongo ukishaipokea, hujitengenezea serotonini yake wenyewe kwa kimeng'enya chake wenyewe, tofauti na kile cha utumboni. Kwamba viko viwili wala si kimoja, hilo lilijulikana mwaka 2003 tu, kwa kazi iliyofanyika Berlin.

Sasa twende tumboni mwa mama.

Seli za kwanza za serotonini huonekana katika shina la ubongo la mtoto wiki chache tu baada ya mimba kutunga, mama mwenyewe akiwa pengine ndiyo kwanza anahesabu siku zake. Wakati huo hazina uhusiano wowote na hisia. Kazi ya serotonini katika kipindi hicho ni ya ujenzi: inaziambia seli nyingine lini zigawanyike, ziende wapi, nyuzi zao zikamate wapi. Katika panya waliozaliwa bila kile kimeng'enya cha kuivunja, serotonini ilirundikana, na ramani ya sharubu ambayo kila panya anakuwa nayo kwenye ubongo haikuchorwa. Iliyozidi imeharibu kama ambavyo iliyopungua ingeharibu. Hili nalitaja makusudi, kwa ajili ya wale wanaodhani serotonini ni kitu cha kuongeza tu.

Triptofani hupita kwenye kondo la nyuma kwa kusukumwa, hata damu ya kitovu inakuwa nayo nyingi kuliko damu ya mama. Lakini kondo lenyewe nalo lina la kwake. Mwaka 2011 Alexandre Bonnin, Pat Levitt na wenzao waliokuwa California walitoa kondo la panya, wakaliweka hai kwenye chombo, wakaingiza triptofani upande wa mama na kukinga kinachotoka upande wa mtoto. Iliyotoka ilikuwa serotonini. Yaani kondo halikuwa mlango tu, lilikuwa kiwanda. Na sehemu ya mbele ya ubongo wa kijusi ilikuwa ikitegemea mali ya kiwanda hicho kabla nyuzi za shina la ubongo hazijaifikia. Miaka kadhaa baadaye Harvey Kliman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale wakaja na hoja tofauti: kondo la binadamu, walisema, huichota serotonini iliyokwisha kutengenezwa kutoka damu ya mama na kumpitishia mtoto. Wanabishana bado. Kwangu mimi kilicho muhimu ni kile wasichobishania, kwamba chakula cha mama, uvimbe na maambukizi anayopata, na dawa anazomeza vina njia ya kuufikia ubongo wa mtoto kupitia kemikali hii.

Watafiti wa Mexico, nchi ya mahindi kama sisi, walishughulika kwa miaka mingi na watoto waliozaliwa wadogo kwa sababu hawakulishwa vya kutosha tumboni. Ungetarajia wawe na serotonini kidogo. Walikuta kinyume. Triptofani nyingi husafiri katika damu ikiwa imeshikana na protini iitwayo albumini, na ile iliyo huru ndiyo yenye nafasi ya kuingia ubongoni. Kwa watoto wale wadogo, ile iliyo huru ilikuwa imepanda. Utapiamlo haukupunguza tu, ulivuruga mizani.

Halafu siku ya kuzaliwa inafika.

Muda mfupi kabla, mtoto alikuwa hapumui. Mapafu yamejaa maji, na mishipa yake ya damu imebanwa, kwa sababu hakuna haja ya kupeleka damu mahali pasipo na hewa. Kisha mkunga anamtoa, anamfuta, analia, na ndani ya dakika chache mishipa ile lazima ifunguke na damu iingie kwa wingi. Wale wa Cleveland walitafuta kitu cha kubana mishipa, sivyo? Ndicho hiki. Katika mapafu ya mtoto mchanga serotonini hubana. Ikibaki nyingi pale wakati ambapo mishipa inatakiwa kulegea, damu hukataa kwenda mapafuni na mtoto hubaki wa bluu hata ukimpa oksijeni. Ni tatizo la nadra, linalowapata watoto mmoja au wawili katika kila 1,000, lakini aliyewahi kuliona halisahau.

Upande wa ubongo, kazi ni nyingine kabisa. Chini kabisa ya shina la ubongo, pale kichwa kinapoungana na shingo, mna seli za serotonini zinazonusa hewa ya ukaa katika damu. Hewa hiyo ikipanda, zinaamsha: zinaharakisha pumzi, zinamtoa mtoto usingizini, zinamfanya ageuze kichwa au alie. Zinagusa mapigo ya moyo, na pia yale mafuta ya kahawia yaliyo mabegani na mgongoni mwa mtoto mchanga ambayo huyachoma ili apate joto, kwa kuwa bado hawezi kutetemeka vizuri kama wewe na mimi.

Nenda wodi ya watoto njiti utaona mfumo huu ukiwa haujakamilika. Mtoto wa kilo moja na nusu amelala, kifua kinapanda na kushuka, kisha kinasimama. Sekunde tano. Kumi. Kumi na tano. Rangi inaanza kubadilika, kifaa kinalia. Nesi haji mbio na dawa. Anaingiza mkono, anampiga mtoto kwa ncha ya kidole kwenye unyayo, mtoto anashtuka na kuvuta hewa. Kile kidole kinafanya kwa nje kazi ambayo shina la ubongo bado linajifunza kuifanya kwa ndani. Serotonini haiko peke yake katika kazi hiyo, zipo kemikali nyingine kadhaa, na kafeini tunayowapa watoto hao hupitia mlango mwingine. Lakini ni mojawapo ya zile kuu.

Je, tunajuaje kwamba ni kuu? Kwa wanyama walioikosa. Mwaka 2009 Natalia Alenina, Michael Bader na wenzao wa Berlin waliripoti habari za panya waliozaliwa bila kile kimeng'enya cha ubongo. Walizaliwa wazima kwa kuwaangalia. Lakini walikua polepole mno, pumzi zao zikawa hafifu, na karibu nusu yao walikufa ndani ya wiki nne za kwanza. Waliovuka wiki hizo waliendelea kuishi, wakakua, wakazaa. Hapo mimi nilisimama nikasoma upya. Panya mzima asiye na serotonini ubongoni anaweza kuishi. Panya mchanga ndiye anayekufa. Na majike waliokua walipozaa, walikuwa na maziwa lakini hawakuwatunza watoto wao ipasavyo, na wengi wa watoto hao wakafa. Mkosi mmoja, vizazi viwili.

Msikilizaji, kuanzia hapa nakuomba uvumilivu, kwa sababu habari inageuka kuwa nzito.

Kuna kifo kinachoitwa kifo cha ghafla cha mtoto mchanga. Mtoto mzima, amenyonya, amelazwa. Asubuhi hayupo. Daktari anapasua, anatafuta, hapati sababu. Hutokea zaidi kati ya mwezi wa pili na wa nne, na baada ya miezi sita huwa nadra sana. Kwa muda mrefu katika historia mama ndiye aliyebebeshwa. Kisa cha Suleiman na wale wanawake wawili, kilichomo katika Wafalme wa Kwanza, kinaanza na mtoto aliyekufa usiku, na maelezo ni kwamba mama yake alimlalia. Huku kwetu maelezo ni hayo hayo, tena mara nyingine yanazidi: kamlalia, au kuna mtu ana mkono wake. Mama anazika mtoto na anazikwa kwa maneno.

Ulaya na Marekani kosa lilikuwa la aina nyingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 kitabu cha malezi cha Dokta Benjamin Spock, kilichokuwa karibu kila nyumba ya Marekani, kiliwashauri wazazi kuwalaza watoto kifudifudi, kwa hofu kwamba mtoto akilala chali akitapika atapaliwa. Ilionekana ni akili ya kawaida. Kule Adelaide, Australia, daktari Susan Beal alifanya kazi ya kuchosha: alikwenda nyumba kwa nyumba, kwa mamia ya familia zilizofiwa, akaangalia kitanda, shuka, na namna mtoto alivyokutwa. Kifudifudi. Kifudifudi. Tena kifudifudi. New Zealand na Uingereza zilianza kampeni mwaka 1991; ile ya Uingereza ilisukumwa sana na mtangazaji wa televisheni Anne Diamond, aliyekuwa amempoteza mwanawe mwaka huohuo. Marekani ikafuata mwaka 1994. Ujumbe ulikuwa mmoja: mlaze chali. Katika nchi hizo vifo vilipungua kwa zaidi ya nusu.

Mwaka 2005 Ruth Gilbert na wenzake wa London walirudi kwenye tafiti za zamani, wakaonyesha kwamba ushahidi dhidi ya kifudifudi ulikuwepo tayari kufikia mwaka 1970, ila hakuna aliyeukusanya mahali pamoja. Ungekusanywa, walikadiria, Uingereza peke yake ingeokoa watoto zaidi ya 10,000, na Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand kwa ujumla angalau 50,000. Hao waliuawa na ushauri mzuri usiopimwa. Sijui neno laini zaidi la kusema.

Angalia mpangilio wa mambo. Watoto waliokolewa na watu wa kuhesabu, waliouliza tu alilala vipi, miaka mingi kabla watu wa kemikali hawajaeleza kwa nini. Maelezo yalianza kupatikana Boston, kwa daktari Hannah Kinney, aliyetumia maisha yake ya kazi kuchunguza shina la ubongo la watoto waliokufa hivyo. Mwaka 1994 yeye na James Filiano walitoa pendekezo lenye sehemu tatu zinazokutana: mtoto mwenye udhaifu uliojificha, umri wa hatari, na shinikizo la nje kama vile kulala kifudifudi, joto kupita kiasi au moshi wa sigara. Ikikosekana moja, mtoto huamka akanyonya.

Udhaifu gani huo? Mwaka 2006 kundi lake lilichapisha uchunguzi wa watoto 31 waliokufa ghafla, waliolinganishwa na 10 waliokufa kwa sababu nyingine. Seli za serotonini zilikuwa nyingi kuliko kawaida, lakini nyingi hazikuwa zimekomaa, na vipokezi vyake vilikuwa pungufu. Mtu angeweza kudhani basi serotonini imezidi. Mwaka 2010 wakaipima yenyewe: ilikuwa chini kwa asilimia 26, na kile kimeng'enya cha kwanza chini kwa asilimia 22. Seli nyingi, kazi kidogo. Kisha mwaka 2017 Robin Haynes na wenzake wakapima damu badala ya ubongo, kwa watoto 61. Kati yao 19, sawa na asilimia 31, walikuwa na serotonini ya damuni iliyopanda sana. Ubongoni chini, damuni juu. Ukikumbuka kwamba ya utumboni na ya ubongoni hutengenezwa na vimeng'enya viwili tofauti na haichanganyikani, huoni mgongano. Unaona mfumo mzima ulioharibika pande mbili, na kwamba si watoto wote waliokufa ghafla walikuwa na tatizo moja.

Sasa mweke mtoto kama huyo kifudifudi, uso umezama kwenye godoro laini. Anavuta tena hewa aliyoitoa mwenyewe. Hewa ya ukaa inapanda. Mtoto mwingine angekunja uso, angegeuza kichwa, angelia. Huyu seli zake hazisemi kwa sauti ya kutosha. Haamki.

Wanaoogopa kupaliwa, na bibi zetu wako mstari wa mbele katika hilo, naomba waangalie jinsi koo lilivyopangwa. Njia ya hewa iko mbele, njia ya chakula iko nyuma. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu na ya chakula chini, kwa hiyo maziwa yanayorudi yangelazimika kupanda mlima ili yaingie mapafuni. Akilala kifudifudi ni kinyume. Na mwenye wasiwasi kwamba kichwa kitakuwa bapa, amlaze kwa tumbo mchana, mtoto akiwa macho na mtu akiwa anamtazama. Mbeleko haihusiki hapa. Mgongoni mwa mama mtoto yuko wima, na kuna mtu mzima aliye macho.

Sitasema kwamba hakuna mtoto anayebanwa kweli. Wapo, hasa anayelala na mtu aliyekunywa pombe, au kwenye kochi. Pombe na sigara zina kesi nyingine pia: katika jamii za wenyeji wa asili wa Marekani, kwenye majimbo ya Dakota na ya jirani, ambako vifo hivi vilikuwa vingi, ulevi wa mama mwanzoni mwa mimba ulihusishwa na hatari hiyo, na watoto waliokufa walikutwa na kasoro katika seli zilezile za serotonini. Utafiti wa huko ulihusisha pia na hatari hiyo kumvika mtoto nguo za tabaka mbili au zaidi. Hili nalisema huku nikiwaza watoto wa Dar es Salaam mwezi wa kwanza, jasho linatutoka sisi sote, na mtoto amevalishwa kofia ya sufi, soksi na blanketi juu.

Nimesema mama anayemeza dawa. Tulizungumze hilo bila kuogopana. Wapo akina mama wenye sonona wanaotumia dawa zinazozuia serotonini isirudishwe ndani ya seli, nazo hupita kwenye kondo. Mwaka 2003 madaktari wa Turku, Finland, waliwafuatilia wajawazito 20 waliokuwa wakizitumia na wengine 20 wasiozitumia. Katika damu ya kitovu ya watoto wa kundi la kwanza, yale mabaki ya serotonini niliyoyataja mwanzo yalikuwa machache, dalili kwamba mzunguko umebadilika. Katika siku nne za kwanza watoto hao walikuwa na mtetemo, kukakamaa na kutotulia mara nne zaidi ya wenzao. Kwa kawaida hali hiyo huisha yenyewe baada ya siku kadhaa hadi wiki mbili. Lile tatizo la mishipa ya mapafu nalo huongezeka, toka mmoja hivi katika 1,000 hadi kama watatu. Ni ongezeko, na bado ni nadra. Dada unayetumia dawa hizi na una mimba, usiziache kesho asubuhi kwa sababu ya kipindi cha redio. Sonona isiyotibiwa nayo inaua, na kuacha ghafla kuna madhara yake. Mwambie daktari wako, na mwambie mkunga kabla ya kujifungua, ili mtoto aangaliwe siku za mwanzo.

Kwenye maziwa nitapita haraka. Maziwa ya mama yana triptofani, na yale yanayotoka usiku yana melatonini, homoni ya usingizi inayotengenezwa kutokana na serotonini, ambayo maziwa ya mchana karibu hayana. Mtoto mwenyewe huanza kuitoa kwa mpango wa usiku na mchana akikaribia miezi mitatu. Mwaka 1983 huko Boston, Michael Yogman na Steven Zeisel waliwapa watoto wachanga triptofani kwenye maji ya sukari, nao wakalala mapema kuliko walipopewa maziwa ya kopo. Wewe unayekamua maziwa ukaenda kazini, andika kwenye chupa yamekamuliwa saa ngapi, haligharimu kitu.

Na kuna watoto ambao mzunguko wenyewe umekatika. Mwaka 1990 London walielezwa mapacha waliokosa kile kimeng'enya cha pili, kinachotaka vitamini B6. Watoto wa namna hii wanakuwa walegevu kama kitambaa, macho yanapinduka juu kwa saa nzima au zaidi, na mara nyingi hudhaniwa wana kifafa. Hawatengenezi serotonini wala dopamini. Tangu mwaka 2022 Ulaya imeruhusu tiba ya kuwapandikizia jeni ubongoni, na baadhi yao waliokuwa hawawezi hata kuinua kichwa wameweza kukaa. Bei yake ni ya kutisha. Lakini ipo.

Wakunga na manesi mnaonisikiliza, nanyi mko wengi zamu hii ya usiku: mama anaporuhusiwa kurudi nyumbani mnampa maneno mengi, kitovu, chanjo, kunyonyesha, tarehe ya kliniki. Ongezeni sentensi moja, mwambieni yeye na bibi aliyekuja kumchukua: alale chali, kila usingizi, bila mto, bila kofia nyumbani, na asiwepo mvuta sigara chumbani. Na wewe jirani utakayeingia kwenye nyumba yenye msiba wa namna hiyo, ukasikia mtu ananong'ona kwamba mama kamlalia, mwambie hajui anachokisema.